Mpishi wa Wasiosema

Katika nyumba nyingi za Tudor, Mombasa, zenye ua na kuku watatu wanne, machicha ya nazi hayaendi jaani. Tui likishakamuliwa, la kwanza na la pili, machicha humwagwa uani na kuku huyakimbilia. Desturi hiyo ni ya zamani na ina akili ndani yake, maana machicha hubaki na mafuta, na protini kiasi, tena kuku huyapenda. Lakini mfungie kuku wa mayai bandani umpe machicha peke yake uone. Mayai yatakuwa madogo, kisha machache, mwisho ataacha kutaga. Na kila jioni atakuwa amelala na tumbo limejaa.

Kuku huyo ameshiba na bado mwili wake una njaa. Anayeishughulikia njaa ya namna hiyo, isiyoonekana kwa macho ya haraka, ndiye mtu ninayetaka kumsifu leo: mtaalamu wa lishe ya mifugo. Daktari wa mifugo twamjua. Mkulima twamjua, na mwenye duka la vyakula vya mifugo twamjua kwa jina na kwa deni. Huyu wa lishe hatumjui, ingawa kazi yake tunaila kila asubuhi katika yai na katika chai ya maziwa. Jina lake haliandikwi popote. Kilichoandikwa ni kikaratasi kilichoshonewa mdomoni mwa gunia, chenye kiasi cha protini, nyuzinyuzi, kalsiamu na fosforasi, na watu hukichana wakafungua gunia bila kukisoma.

Nianze na machicha, maana yanafundisha. Protini si kitu kimoja. Imeungwa kwa asidi amino, na mwili wa kuku unazihitaji kwa mpangilio maalumu. Ni kama mtu anayetunga shanga kwa nakshi: zikimwishia nyekundu, hata akibaki na pishi nzima ya nyeupe, kazi imesimama. Nazi ina upungufu wa laisini. Mahindi nayo yana laisini haba, kwa hiyo kuchanganya mahindi na machicha ni kuleta maskini wawili wenye shida moja. Dagaa anayo laisini kwa wingi, na soya pia. Soya nayo ina upungufu wa methionini, ambayo kuku huihitaji sana kwa ajili ya manyoya na ukuaji. Mjuzi wa lishe hutazama kila kiungo kwa jicho hilo: kina nini, kinakosa nini, na nani atamsitiri mwenzake.

Baada ya hapo ndipo huja hesabu. Ile ya kwanza anayofundishwa mwanafunzi huitwa mraba wa Pearson, na karatasi na kalamu zinatosha. Tuseme unataka chakula chenye protini asilimia 17. Mahindi yana kama 9, mashudu ya soya kama 44. Toa 9 katika 17, unapata 8. Hizo ndizo sehemu za soya. Toa 17 katika 44, unapata 27. Hizo ndizo sehemu za mahindi. Kilo 27 kwa kilo 8, na protini imekaa mahali pake. Naipenda hesabu hii kwa sababu mtoto wa shule ya msingi anaiweza, na kwa sababu inaonyesha mara moja kwamba haitoshi. Bado hujauliza nguvu ya chakula, wala kalsiamu, wala fosforasi ambayo ipo ndani ya nafaka lakini sehemu kubwa imefungwa kiasi kwamba kuku haipati. Hujauliza bei. Ukiongeza maswali hayo yote, kompyuta inahitajika, na kompyuta itakupa jibu la bei nafuu kabisa. Mtaalamu hulisoma jibu hilo kisha hujiuliza jambo ambalo mashine haikuulizwa: je, kuku atakubali kukila?

Kuna hatua nyingine ambayo wengi huidharau, nayo ni kuchanganya. Vitamini na madini madogo huingia kwa kiasi kidogo mno, pengine kilo mbili na nusu katika tani nzima. Ukiyamwaga tu juu ya lundo na kupiga sepetu, kuku mmoja atapata dozi ya kuku kumi na wenzake watapata vumbi la mahindi. Fundi mzuri huanza na karai. Huchanganya vitamini na kilo chache za pumba mpaka rangi iwe moja. Mchanganyiko huo huutia katika kilo nyingi zaidi, kisha katika nyingi zaidi, na mwisho ndipo unaingia katika lundo kubwa. Lundo lenyewe hugeuzwa kutoka upande huu kwenda ule, tena na tena, na kila safari sepetu huanzia chini. Nimewahi kusimama nikitazama kazi hii kwa muda mrefu. Haina kelele wala haina mbwembwe, na mfanyakazi aliyechoka hushawishika kuiacha katikati kwa sababu kwa macho lundo tayari linafanana. Anayeendelea kugeuza ndiye fundi.

Ila sifa kubwa ya kazi hii niliiona wakati wa kaskazi, nilipofuatana na mtaalamu mmoja kijana hadi kwa mama mmoja wa Tudor anayefuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba. Maganda ya mayai yake yalikuwa membamba, mengine yakipasuka trei inapoinuliwa tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Afadhali umekuja. Chakula cha siku hizi vumbi tupu."

Kijana hakubishana naye. Alitia mkono guniani mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi ya unga, akaunusa, akausugua kati ya vidole, akautandaza kiganjani akatafuta vipande vya makombe na mawe ya chokaa. Kisha akaliacha gunia, akaenda kuchutama mbele ya banda. Alikaa hapo kimya kwa muda ambao mimi niliuona mrefu. Kuku walikuwa wakihema midomo wazi, mbawa wamezining'iniza mbali na mwili. Kinyesi chini kilikuwa majimaji.

"Mama, maji ya kuku mwayapata wapi?"

"Ya kunywa sisi twanunua kwa mkokoteni. Ya kuku ni ya kisima."

Akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. "Yana chumvi."

"Maji ya kisiwani hayo, mwanangu. Ndivyo yalivyo."

Hapo nikaanza kuelewa. Ganda la yai karibu lote ni kalsiamu kabonati, jamaa wa mawe ya chokaa na matumbawe ambayo Mji wa Kale umejengwa juu yake na kwayo. Yai moja hula takriban gramu 2 za kalsiamu, na ganda huchukua saa kama 20 kufumwa, sehemu kubwa usiku, wakati kuku yuko juu ya fito na hali kitu. Chokaa laini kama unga aliyoila asubuhi imeshapita. Akiwa amekula vipande vikubwa kidogo jioni, hivyo hukaa katika firigisi vikiyeyuka polepole usiku kucha. Asipovipata, kuku huchota kalsiamu katika mifupa yake mwenyewe. Ongeza joto. Kuku hana jasho, hujipoza kwa kuhema, na kila akihema hutoa hewa ya kaboni dioksidi ambayo damu yake iliihitaji kutengenezea ganda. Ongeza na chumvi ya kisima, ambayo peke yake huharibu ganda hata chakula kiwe bora namna gani. Mambo matatu yalikuwa yamekutana katika lile banda, na gunia peke yake halikustahili lawama.

Ushauri wake ulikuwa mfupi. Kuku wapate maji ya mkokoteni, angalau katika miezi ya joto, na yawekwe kivulini. Chakula kitolewe alfajiri na baada ya alasiri, maana katika jua la saa sita kuku hali, na akila joto la kusaga chakula linamwongezea adha. Jioni wapewe makombe yaliyopondwa, chembe ziwe kubwa kuliko punje za mchele uliovunjika. Na akasisitiza jambo moja kwa upole: yawe makombe au mawe ya chokaa yaliyosagwa, isiwe chokaa ya moto ya mafundi wa nyumba, kwani hiyo huunguza. Baada ya wiki kadhaa yule mama alituma salamu kwamba mayai yanafika dukani mazima.

Angeweza kulaumu gunia. Mteja alishamwonyesha pa kulaumu, na wote wangeridhika siku ile. Subira ya kuchutama mbele ya banda bila kusema ndiyo ujuzi wenyewe. Mgonjwa wa daktari wa binadamu husema panapouma. Kuku anasema kwa ganda, kwa kinyesi, kwa mahali anaposimama na saa anayokunywa.

Ng'ombe ana lugha pana zaidi. Anayejua humwendea upande wa kushoto, akatazama bonde lililo nyuma ya ubavu wa mwisho: likiwa limezama, mnyama hakula vizuri siku hiyo. Humtazama akicheua na kuhesabu, kwani tonge moja la mcheuo kwa kawaida hutafunwa mara 50 hadi 60, na zikipungua sana majani hayatoshi au yamekatwa laini kupita kiasi. Hukanyaga samadi kwa buti na kuitazama: punje nzima za mahindi humo ni fedha iliyopita tumboni bila kuguswa. Yote hayo kwa sababu ng'ombe hajilishi mwenyewe kwanza. Tumbo lake la kwanza, ambalo kwa ng'ombe mkubwa wa maziwa hubeba zaidi ya lita 100, limejaa bakteria na vijidudu vingine wanaovunja nyuzinyuzi ambazo mnyama peke yake asingeziweza. Hao ndio wanaokula majani, na ng'ombe huishi kwa mazao yao na kwa miili yao. Mpe unga mwingi kwa ghafla, asidi itawaua, na mnyama ataugua akiwa mbele ya hori lililojaa.

Pwani yetu imechangia elimu hii, na inafaa isemwe. Mtwapa, mwendo mfupi kutoka kisiwani ukishavuka daraja la Nyali, kuna kituo cha utafiti wa kilimo na mifugo ambacho leo kiko chini ya KALRO, shirika la taifa la utafiti huo. Hapo watafiti, Rahab Muinga miongoni mwao, walichunguza kwa miaka ng'ombe chotara wa maziwa wanaolishwa majani ya nepia, na mwaka 1992 wakachapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba majani ya mti wa lusina yakiongezwa juu ya nepia, ng'ombe hula zaidi na maziwa huongezeka. Mkulima wa Kaloleni au Kilifi asiye na fedha za mashudu anaweza kuipanda lusina kandokando ya shamba. Hili ni jambo kubwa kwa nyumba yenye ng'ombe mmoja.

Lusina yenyewe ina hila. Ndani yake mna mimosini, ambayo mnyama akiizidisha hunyonyoka manyoya na kuvimba tezi ya shingo. Mwaustralia Raymond Jones alishangaa kuona kwamba mbuzi wa Hawaii wanaila bila kudhurika. Jibu lilikuwa tumboni mwao: bakteria wanaoivunja sumu hiyo. Bakteria hao walichukuliwa wakahamishiwa mifugo ya Australia, nayo ikaweza kula lusina kwa usalama. Mwaka 1992 kiumbe huyo alipewa jina la kisayansi Synergistes jonesii, kwa heshima ya Jones. Kumponya ng'ombe kwa kumkopesha wageni wa tumbo la mbuzi wa ng'ambo ni kazi ya mtu aliyetazama kwa makini sana.

Na kuna kisa cha Nakuru. Zama za ukoloni, ng'ombe wa sehemu hizo walikonda na kufa wakiwa wamezungukwa na nyasi, na ugonjwa ukabeba jina la mji. Katika miaka ya 1920 John Boyd Orr, mkuu wa Taasisi ya Rowett ya Aberdeen, alifika Kenya kuchunguza madini ya malisho. Kwanza chuma ndicho kilichotiliwa shaka. Katikati ya miaka ya 1930 watafiti wa Australia, waliokuwa na ugonjwa wa aina hiyo kwao, waligundua kwamba udongo wa chuma uliokuwa ukiponya mifugo haukuponya kwa chuma, uliponya kwa kobalti iliyojificha ndani yake. Ng'ombe anahitaji takriban miligramu moja tu kwa siku, kiasi ambacho ukikiweka kwenye kiganja ni vigumu kukiona. Vijidudu vya tumboni hutumia kobalti hiyo kuunda vitamini B12, na bila hiyo mnyama hawezi kutumia hata anachokula. Boyd Orr baadaye akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na mwaka 1949 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Ninapomsikia mzazi akisema kusomea chakula cha ng'ombe ni kujishusha, humkumbuka mtu huyu.

Upande wa giza wa biashara hii nao unamhitaji mjuzi. Dagaa wanaouzwa kwa viwanda huja na mchanga, mwingine wa kuanikiwa na mwingine wa kuongezewa kilo. Jaribio lake ni glasi ya maji: dagaa hubaki wanaelea au kuzama taratibu, mchanga hutua chini mara moja. Udanganyifu mwingine ni wa kemia. Tangu mwaka 1883, Mdenmaki Johan Kjeldahl alipotoa njia yake, maabara hupima nitrojeni kisha huizidisha kwa 6.25 kupata protini. Kitu chochote chenye nitrojeni nyingi kinaweza kuidanganya njia hiyo, na melamini ilitumika hivyo: mwaka 2007 iliua mbwa na paka Marekani kupitia chakula chao, na mwaka 2008 iliingia katika maziwa ya watoto China na kuwafanya mamia ya maelfu waugue. Namba ilisema protini. Mjuzi angeuliza nitrojeni hiyo imetoka wapi.

Halafu kuna sumukuvu, adui wa mji wenye unyevu kama wetu. Ulimwengu uliijua aflatoksini baada ya mwaka 1960, pale batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga yenye kuvu. Kenya iliijua kwa msiba: mwaka 2004 watu 125 walikufa, wengi wao Makueni na Kitui, kwa mahindi yaliyooza. Ng'ombe akilishwa mahindi ya namna hiyo, sehemu ya sumu hutoka katika maziwa yake, na kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo yule msimamizi wa ghala anayekataa lori zima la mahindi mabichi, akitukanwa na dereva na kubembelezwa na tajiri, anakilinda kikombe cha mtoto asiyemjua. Mahindi yaliyooza hayawi salama kwa kuambiwa "ni ya mifugo tu". Neno hilo lingefaa liondoke midomoni mwetu.

Sitaacha kumtaja René Haller wa Bamburi, ingawa watu humweka katika kundi la wapanda miti. Mwaka 1971 alianza kufufua machimbo ya kiwanda cha saruji. Mivinje ilishika juu ya mwamba mtupu, lakini majani yake yaliyodondoka hayakuoza. Haller aliona jongoo wenye miguu myekundu wakiyala, akawakusanya na kuwaleta kwa wingi. Walichokitoa kikawa udongo. Msitu wote ule wa leo, pamoja na wanyama wake, ulianza na mtu aliyejiuliza nani anaweza kula nini, na hilo ndilo swali la kwanza la lishe.

Malighafi ya kazi hii imejaa kwetu. Ngano inayosagwa hapa huacha pumba. Nazi zinazokamuliwa mafuta huacha mashudu. Wavuvi wana vichwa na matumbo ya samaki, ufuo una makombe, na sokoni Kongowea mboga zinazooza kila siku zingeweza kulisha funza wa nzi askari mweusi, ambao kituo cha icipe cha Nairobi kimewafanyia utafiti kama protini ya kuku na samaki. Kinachopungua ni watu wa kuyapima, kuyasawazisha na kuyasimamia. Ajira zao ziko viwandani, katika maabara, kwenye mabwawa ya samaki, hifadhi za wanyama, utafiti na mashamba makubwa, na kijana mwenye mtaji mdogo anaweza kuwachanganyia chakula wafugaji wa mtaa wake kwa uaminifu.

Wanafunzi wanaoshuka kila siku Barabara ya Tom Mboya kwenda Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa wanajua uhandisi ni nini na biashara ni nini. Wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba taaluma hii ipo. Basi waambieni, na waambieni wadogo zao walio sekondari kabla hawajachagua masomo. Inataka kemia, bayolojia na hesabu, na inataka mtu anayeweza kuchutama mbele ya banda bila haraka. Mafunzo ya afya ya mifugo hupatikana katika vyuo vya AHITI vya Kabete, Ndomba na Nyahururu. Shahada zipo Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete, zipo Egerton kule Njoro, na kwa anayetaka kuvuka mpaka, Chuo Kikuu cha Sokoine kiko Morogoro. Kwa mtoto wa Tudor asiyetaka kwenda mbali, Chuo Kikuu cha Pwani, chenye masomo ya kilimo na wanyama, kiko Kilifi, safari ya matatu moja.